Siku moja kutoka Dar: Bagamoyo au Mji Mkongwe?

Kila Desemba ikikaribia, ndugu na jamaa huniuliza swali lile lile. Wamekuja Dar kwa harusi, au wametoka nje ya nchi na likizo ya wiki mbili, wamebakiwa na siku moja tu, nao wanataka kuitumia kuona mahali penye historia. Wanataka wawe peke yao, na mtu wa kuwaeleza, bila kubanwa kwenye basi la watu arobaini. Sasa waende Bagamoyo au wavuke Unguja?

Nimewapeleka watu huku na huku mara za kutosha kuwa na msimamo. Ukienda Bagamoyo, fedha yako iweke kwenye gari. Ukienda Mji Mkongwe, iweke kwa mtembeza wageni. Wengi huulizia bei ya "safari nzima" kama vile ni kitu kimoja, wanalipa, kisha wanarudi jioni miguu inawauma na walichokumbuka ni kuta.

Kilwa naiweka kando mapema, maana wapo wanaoiulizia. Kilwa Kisiwani imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na Msikiti Mkuu wake ni kitu cha kuona kabla hujafa, lakini ni kilomita 300 hivi kusini mwa Dar na bado kuna mashua ya kuvukia. Anayekuuzia Kilwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa barabara anakuuzia kiti cha gari.

Saa zako zinakwenda wapi

Bagamoyo ni kilomita 70 hivi kaskazini. Ukitoka Mikocheni saa 12 asubuhi siku ya Jumamosi, ukapita Tegeta na Bunju kabla barabara haijajaa, saa 2 mnakunywa chai Bagamoyo. Baada ya hapo hakuna anayekukimbiza. Mkinogewa kwenye magofu ya Kaole, kaeni. Dereva yupo kivulini. Cha kuangalia ni kurudi tu. Jumapili jioni watu wote waliokwenda kuogelea wanarudi kwa barabara hiyo hiyo, na kuanzia Tegeta kuja Mwenge mnaweza kukaa garini muda mrefu kuliko mliokaa kwenye magofu. Ondokeni kabla ya saa 10, au kuleni chakula cha usiku huko huko.

Unguja hesabu ni nyingine. Boti ya kwanza huondoka Dar mara nyingi saa 1 asubuhi, na mnatakiwa muwe bandarini mapema zaidi. Majini ni karibu saa mbili kwa boti ya kasi. Mkishuka Malindi, bandari ya Unguja, mkapita ukaguzi, ni saa 3 imeshapita. Boti ya mwisho ya kurudi huondoka alasiri, nayo inataka muwe foleni kabla ya wakati. Toeni chakula cha mchana, toeni swala ya adhuhuri, mtabaki na saa nne, au nne na nusu mkijitahidi. Angalieni ratiba ya siku yenu kabla ya kulipa chochote, maana hubadilika.

Kuna jambo moja la Unguja linaloniuma kila nikipeleka mtu kwa siku moja. Bustani ya Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe, huanza kuchangamka magharibi, pale wauzaji wanapowasha majiko na taa na kupanga mishikaki ya pweza. Mgeni wa siku moja muda huo yuko baharini, karibu anafika Dar. Mpeni urojo wa mchana, atafurahi, lakini jueni mnachokikosa.

Bagamoyo: gari kwanza

Vitu vya kuona Bagamoyo vimetawanyika, na ndiyo sababu nasema gari. Magofu ya Kaole yako kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Misheni ya Wakatoliki iko upande wa pili, kaskazini. Katikati kuna mji wenyewe, na jua la Bagamoyo saa 6 mchana halina huruma. Nimewaona watu waliofika kwa basi la kutoka kituo cha Makumbusho, Dar, wakiruka kutoka bodaboda moja hadi nyingine, na mpaka adhuhuri hamu yote ilikuwa imekwisha.

Anzeni Kaole, asubuhi, kabla ya joto. Pana misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mmoja wapo unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizosimama juu yake. Zitazameni nguzo hizo kwa karibu. Zina vishimo vya duara ambamo zamani vilipachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, ishara kwamba aliyelala pale alikuwa mtu wa mali na safari. Bakuli hazipo, duara zimebaki. Kuna kisima cha maji baridi hatua chache kutoka baharini, na kuna kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu hulizuru kwa dua, kwa hiyo ingieni kwa adabu. Pale ni mahali panapotumika bado.

Halafu geukeni kwenda Misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo 1868, wakawa wanawakomboa watu waliokuwa wakiuzwa na kuwaweka kwenye kijiji kilichoitwa cha uhuru. Kwenye bustani kuna mbuyu mkubwa wenye mnyororo wa chuma uliozama ndani ya gome, kimebaki kipande kifupi tu nje. Waongozaji husimulia kuwa mnyororo ule ulikuwa wa kufungia punda, mti ukakua ukaumeza. Mama yangu aliushika, akakaa kimya kidogo, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa akituongoza.

"Punda tu, mwanangu?"

"Punda, mama. Ya watu tutaiona ndani, makumbusho."

Mama alikiachia kile chuma polepole, kama kinachounguza. Mbuyu ule haujafungwa kamba, haujazungushiwa kioo, na nafasi ya kusimama mbele ya kitu kama hicho bila mtu wa nyuma kukusukuma ndiyo inayonifanya nipende safari ya peke yenu.

Hapo hapo Misheni umebaki mnara wa kanisa la kwanza, la 1872. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa humo usiku mmoja. Alikufa 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake, Chuma na Susi, na wenzao waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu mpaka pwani, kazi ya miezi tisa hivi. Kutoka Bagamoyo mwili ukavushwa kwenda Unguja, na mwisho London. Watu huenda pale kwa ajili ya jina la Mzungu. Mimi nikisimama pale huwafikiria waliobeba.

Mji wenyewe upitieni na gari, mkishuka mnapopapenda: jengo la wapagazi wa misafara, boma la Wajerumani la 1897, ngome kongwe. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na kabla ya hapo ilionja vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani hao, vya 1888 na 1889. Majengo mengi yamechakaa na mengine paa limeshaanguka, na anayetaka kuona mji uliotunzwa vizuri atasikitika. Mmalizie pwani karibu na forodha ya zamani, mashua zikirudi, samaki wakinadiwa mchangani na kukaangwa palepale.

Je, mnahitaji mwongozaji wa kutoka Dar? Kwa maoni yangu, hapana. Kaole kuna wahudumu wa mambo ya kale wanaoeleza vizuri, na Misheni kuna wenyeji wanaoijua kila kona. Mpeni dereva fedha nzuri, halafu mlipe waongozaji wa palepale. Mtapata maelezo bora kuliko ya mtu aliyepanda gari nanyi Posta na ambaye Bagamoyo kwake ni kazi ya mara moja kwa mwezi.

Mji Mkongwe: mtu kwanza

Unguja ni kinyume chake. Gari halina kazi, vichochoro havipitiki. Na majengo makubwa mawili matatu ambayo mgeni anayasikia huenda asiingie kabisa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa, na tangu hapo limekuwa la kutazamwa kwa nje. Kwa hiyo Mji Mkongwe unasomwa kutoka barabarani: kwenye milango, kwenye baraza, kwenye roshani. Bila mtu anayejua kusoma, utapita Hurumzi na Kiponda ukadhani umepita mtaa wowote wenye maduka ya vitenge.

Mtembeza wageni mzuri atawasimamisha mbele ya mlango mmoja kwa dakika kumi. Atawaonyesha mnyororo uliochongwa ukizunguka fremu, samaki wa rutuba kwenye nakshi, njumu za shaba zilizotokana na mtindo wa India ambako zilizuia tembo wasisukume lango. Atawaonyesha kwamba mlango wenye kichwa cha upinde na ule wenye kichwa kilichonyooka haikutoka kwa fundi wa aina moja. Baada ya hapo hamtapita mlango mwingine bila kuutazama. Hiyo ndiyo thamani ya fedha mliyolipa.

Mtaa wa Mkunazini ndipo moyo wa ziara. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa kuu mahali pale pale, chini ya Askofu Edward Steere, huyo huyo aliyefanya kazi kubwa ya kuandika Kiswahili. Mbele ya madhabahu kuna duara kwenye sakafu. Inaelezwa kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watu viboko. Mwambieni mtembezaji awaonyeshe nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, mafundi walipozikosea askofu akiwa safarini. Na aonyeshe msalaba mdogo wa mbao: umechongwa kutokana na ule mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Aliyekwenda Bagamoyo kwanza, mnara ule na msalaba huu hukutana hapa. Nje, kwenye shimo, kuna sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya mwaka 1998, na minyororo ni ya kweli.

Chini ya jengo la pembeni kuna vyumba vya giza. Wengi huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya mnada. Baadhi ya wanahistoria wanabisha: wanasema jengo lile ni la wamisionari, lilijengwa baada ya soko kufungwa, likatumika kama hospitali. Hili nalitumia kama kipimo. Kabla sijakubaliana bei na mtembezaji, namwuliza kwa upole kuhusu vyumba vile. Akiniambia kuna ubishi na akanieleza pande zote mbili, namchukua. Akiapa na kuongeza idadi ya watu waliofia humo, namshukuru, natafuta mwingine. Mateso ya watu wale yalikuwa makubwa vya kutosha, hayahitaji kutiwa chumvi.

Bandarini mtapokewa na papasi, wale wanaowafuata wageni kutaka kuwatembeza bila kuitwa, kabla hamjafika getini. Wengine ni vijana wazuri wanaotafuta riziki, lakini siku yenu ni fupi, hamna muda wa kumjaribu mtu. Pangeni na mtembezaji mapema, awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na awasubiri nje ya geti akiwa na jina lenu.

Na popote mnapokwenda, ombeni Kiswahili. Nasisitiza hili. Watembezaji wengi wamezoea kusema Kiingereza, na maneno yametoka mdomoni mara elfu mpaka yamekauka. Mwambie mtu yule yule, "Sema nasi Kiswahili, kaka, tuambie kama unavyomwambia mdogo wako," utaona anabadilika. Anakumbuka bibi yake alisema nini kuhusu nyumba ile. Anaanza kuuliza na ninyi mnatoka wapi. Kuna mambo ya mtaa ambayo hayana njia ya kutokea kwa Kiingereza.

Upande wa fedha

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo nawapa namna ya kupiga hesabu. Bagamoyo gharama kubwa ni moja, gari na mafuta, na inagawanywa kwa vichwa. Mkiwa watano, kila mmoja anachangia kidogo. Ukiwa peke yako unalibeba gari zima. Viingilio ni vidogo, na raia hulipa chini ya wageni wa nje.

Unguja kila kichwa kina tiketi yake, kwenda na kurudi, na wageni wasio wakazi hutozwa nauli ya juu, tena kwa dola. Mtembezaji ndiye mnayemgawana. Familia ya watu sita wenye tiketi kumi na mbili za boti itaona tofauti mara moja. Mtu mmoja au wawili hawataiona sana, na hapo ndipo Unguja inaanza kuwa na maana. Kama una pasipoti ya nje, hata kama jina lako ni la Tanga, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wa nje wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima. Kwa safari ya saa nne, fedha hiyo inauma. Wengine wabebe kitambulisho. Bila hicho hata tiketi hamkati.

Neno "binafsi"

Niliwahi kulipia safari "binafsi" kwa kampuni moja ya Dar, mimi na wazazi wangu. Asubuhi ikaja Kosta yenye watu tisa ambao hatuwajui. Nilipouliza, dereva akasema ni binafsi kwa sababu ni sisi wa kampuni ile tu. Baba, ambaye anahitaji kusimama mara kwa mara, aliogopa kuomba gari lisimame mbele ya wageni, akavumilia mpaka Bagamoyo. Sijalisahau lile.

Tangu siku hiyo nauliza mambo machache, kwa maandishi, kabla ya kutuma hata shilingi. Gari gani, na nani mwingine atapanda? Tukitaka kubadilisha mpangilio njiani, dereva ana ruhusa au lazima apige simu ofisini? Viingilio na maji vimo? Mtembezaji ni nani, na naweza kuongea naye leo? Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kampuni isiyoweza kunipa mtu wa kuongea naye haina mtu bado, itamwokota asubuhi. Na msilipe yote. Nusu mkononi mwao, nusu mwisho wa siku.

Unakwenda na nani?

Kwa wazee naamua haraka: Bagamoyo. Gari linafika karibu na kila kitu, choo kinapatikana, mkichoka mnarudi. Mji Mkongwe ni mawe yasiyo sawa na ngazi za boti, na goti likikataa Mkunazini hakuna teksi itakayokufikia mpaka Darajani au barabara ya nje. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka na mama mjamzito au mtu wa kichefuchefu asijaribiwe.

Watoto wadogo nao naelekea Bagamoyo, kwa sababu wanapata pa kukimbia. Wakishafika umri wa kuuliza "kwa nini", waleteni Mkunazini, lakini waandaeni nyumbani kwanza.

Kijana anayependa majengo, mwalimu, mpiga picha, wachumba wawili wasiokuwa na haraka ya kula: Mji Mkongwe, boti ya kwanza, mtembezaji mmoja, mitaa mitatu tu. Msijaribu kuongeza kisiwa cha Changuu na kobe wake na shamba la viungo siku hiyo hiyo. Epukeni Ijumaa, mchana unakatika katikati kwa swala na maduka hufungwa. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti. Mnapita mbele ya nyumba za watu waliokaa barazani.

Mwaka huu anakuja shangazi yangu kutoka Muscat. Aliondoka Unguja akiwa msichana mwaka 1964, na goti lake moja si zima. Kwa kanuni zangu mwenyewe ningempeleka Bagamoyo. Lakini ananiuliza habari za mlango mmoja Kiponda, wenye samaki wawili chini na kovu la moto upande wa kushoto, na mlango huo hakuna gari litakalompeleka. Nimeshaongea na mtembezaji, mzee wa Malindi. Tumekubaliana tusianze Mkunazini kama kila mtu. Tutaanza Kiponda, atabeba kigoda, na kila baada ya nyumba chache shangazi atakaa.